Lincy Sabu na Mgonjwa Aliyetaga

Tarehe 9 Machi 2019, katika chumba cha mtihani mjini Kochi, Lincy Sabu, muuguzi wa Bharananganam mwenye umri wa miaka thelathini na sita, aliandika barua ya rufaa ya mgonjwa na akapewa alama 340. Kufaulu kulihitaji 350.

Ilikuwa mara yake ya tatu kuufanya mtihani huo wa Kiingereza cha wauguzi, na mara ya tatu kupata 340 katika sehemu ya kuandika. Kusikiliza alifaulu. Kusoma alifaulu. Katika kuzungumza alipata alama ambayo wenzake waliomba kuiona kwenye simu yake ili waamini. Kuandika tu ndiko kulikomkatalia, tena kwa tarakimu zile zile, mpaka mumewe, Sabu, anayegema mpira alfajiri na kuendesha bajaji mchana, akasema hiyo si alama tena, ni namba ya nyumba.

Kilichosubiri alama hizo kumi ni hiki. Hospitali moja ya Ireland ilikuwa imemwahidi Lincy kazi katika wodi ya wazee, na ahadi hiyo ilikuwa na siku ya mwisho: 30 Septemba. Kabla ya siku hiyo alitakiwa apeleke cheti chenye alama 350 au zaidi katika sehemu zote nne. Hesabu ya likizo zake, ya majibu kutoka na ya karatasi kutumwa ilimwachia nafasi moja tu ya kurudia, Jumamosi ya tarehe 24 Agosti. Akikosa hapo, nafasi ilikuwa inakwenda kwa mwingine, na katika njia itokayo kanisani kwenda kwake hao wengine hawakosekani. Njia hiyo ina nyumba kumi na tisa, na kumi na moja kati yake zina muuguzi aliye ng'ambo. Muuguzi aliyebaki nyumbani husalimiwa kwa neno moja: "Hujaenda?"

Lincy alizaliwa Poonjar, binti wa mpishi wa harusi. Alisoma kwa Kimalayalam, lugha ya kwao, hadi darasa la kumi, akasomea uuguzi Mangalore kwa vitabu vya Kiingereza alivyovikariri kurasa kwa kurasa, akafanya kazi Delhi miaka mitatu, kisha akarudi na kuajiriwa katika hospitali moja ya Pala, ambako yupo hadi sasa. Wodini anajulikana kwa shuka. Ana namna yake ya kulikunja shuka mara tatu na kulipitisha chini ya mgongo, na kwa shuka hilo humgeuza mgonjwa wa kilo tisini peke yake, huku akimsimulia habari za sikukuu ya parokia. Madaktari vijana humwita wakishindwa. Hakuna mtihani unaopima jambo hilo.

Aprili alijiandikisha katika darasa la Kuruvilla.

Darasa hilo liko Pala, ghorofa ya pili, juu ya duka la mikate, kwa hiyo wanafunzi wake husoma wakiwa na njaa. Kuruvilla ni mwalimu mstaafu, alifundisha Kiingereza shule za serikali miaka thelathini na mmoja. Anavaa mundu, ile nguo nyeupe ya kufunga kiunoni, iliyopigwa pasi mpaka unaweza kukatia mboga kwa ukingo wake. Silaha zake ni mbili. Ya kwanza ni orodha ya jozi 214 za maneno ya Kiingereza ambayo watu huyachanganya, iliyonakiliwa na kunakiliwa tena hadi herufi zake zimenenepa. Ya pili ni sheria: ndani ya darasa ni Kiingereza tu. Anayetamka neno la Kimalayalam anasimama, na hakai mpaka mwingine akosee. Kwa watu waliotoka zamu ya usiku na kupanda basi moja kwa moja, sheria hiyo si mchezo.

Wiki ya pili alimwambia Lincy asome barua yake kwa sauti. Alisoma vizuri hadi sentensi ya nne: "The patient is laying in bed."

"Ngoja," alisema Kuruvilla, kwa Kiingereza kama alivyosema kila kitu. "Mangapi?"

"Mangapi nini, mwalimu?"

"Mayai. Umeandika mgonjwa anataga kitandani. Nauliza mangapi, tujue kama tumpeleke kwa daktari au tumpeleke Kuttanad akaishi na bata."

Darasa likacheka, na Lincy akacheka kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayesubiri kujua anachekwa nani. Kosa lenyewe ni dogo na ni la kale. Kwa Kiingereza "lie" ni kulala, mtu mwenyewe. "Lay" ni kulaza, mtu akimlaza mwingine au akiweka kitu, na ndilo pia neno la kuku anayetaga. Mgonjwa anayetajwa kwa neno la pili, bila kusemwa analaza nini, anabaki na yai.

"Kama ni ya bata mimi nachukua mawili," alisema Prasanna, muuguzi wa Erattupetta aliyekaa nyuma ya Lincy darasani na kufanya kazi naye hospitalini. Alilisema kwa Kimalayalam. Alisimama dakika arobaini.

Kuanzia siku hiyo Lincy aliitwa Kuku. Jina lilivuka barabara hadi hospitalini kabla yeye hajafika. Jumatatu alikuta yai la kuchemsha juu ya daftari la zamu, limefungwa bendeji vizuri kabisa, kazi ya mtu aliyesomea. Alilila na chumvi ya jiko la wodi, akaandika kwenye ubao wa wauguzi kwamba mgonjwa na mtoto wanaendelea vizuri.

Lakini nyumbani hakucheka sana. Alizikariri zile jozi 214 kwenye basi, jikoni na kwenye foleni ya maziwa. Ukimuuliza, alijibu zote. Akikaa kuandika barua, mkono ulichagua neno jingine. Alimwandikia daktari wa kubuni kwamba amemfunza mgonjwa, akatumia neno la kujifunza. Aliandika "please remember him to take his tablets", akiomba mgonjwa akumbukwe badala ya kukumbushwa. Joto la mgonjwa kwenye barua zake lilipandisha, kitanda kikapanda. Kuruvilla alisema dawa ni mazoezi. Akampa barua ishirini zaidi.

Dawa ilitoka kwa mtu ambaye hajui Kiingereza hata cha kununulia sabuni.

Huyo ni mama mkwe wa Lincy, Eliamma, ambaye nyumba nzima humwita Ammachi, yaani Mama. Ana miaka sabini na moja, ng'ombe mmoja, na maoni kuhusu kila padri aliyepita parokiani tangu 1968. Asubuhi moja ya Mei alikuwa amekaa barazani akipasua fenesi, mikono imepakwa mafuta hadi viwiko. Lincy alikuwa kwenye mkeka kando yake na Tesamol, binti yake wa miaka minne, kichwa cha mtoto kikiwa pajani, karatasi za Kuruvilla mkononi. Alikuwa akirudia kwa sauti ya chini: lie, lay, lain, lay, laid, laid.

"Hiyo litania ya mtakatifu gani?" aliuliza Ammachi.

"Ya Waingereza, Ammachi."

"Inaomba nini?"

"Haiombi. Ni maneno mawili. La kwanza ni kulala. La pili ni kulala vilevile, lakini linahitaji shamirisho."

"Hilo linauzwa wapi?"

"Ammachi, niache, nina mtihani."

"Nakuuliza kwa wema. Kulala na kulala. Tofauti iko wapi?"

Lincy alisoma maelezo ya Kuruvilla kama yalivyoandikwa, akayatafsiri neno kwa neno, na mwisho wake hakuna kati yao aliyeelewa. Ammachi aliweka kisu juu ya ganda la fenesi.

"Mtoto amelala?"

"Bado, si unamwona anavyonitazama."

"Nani atamlaza?"

"Mimi, nani mwingine?"

"Haya. Yeye atalala, wewe utamlaza. Maneno mawili hayo. Umeyajua hujaota meno, mwanangu, na leo unapanda basi kwenda Pala kuyatafuta."

Kwa Kimalayalam ni "kidakkuka" na "kidathuka", na Tesamol mwenyewe, aliyekuwa anakataa kufanya la kwanza na kufanyiwa la pili, hajawahi kuyachanganya. Lincy naye hakuwahi. Miaka yote alijifunza "lie" na "lay" kama wageni wawili waliofanana sura, akitafuta nani ana kovu na nani hana, na hakuna aliyemwambia kwamba anawajua wote kwa majina tangu utotoni.

Alikaa wima. Akageuza ukurasa.

"Rise na raise."

"Mimi nitajuaje? Niambie inafanya nini."

"Moja ni kuinuka. Nyingine... ngoja. Nyingine ni kuinua."

"Nani kainua?"

"Mimi. Namwinua mgonjwa."

"Na akiinuka mwenyewe?"

"Rise."

"Basi unauliza tu nani," alisema Ammachi, akarudi kwenye fenesi lake.

Walipitia orodha nzima kwa siku mbili. Kukumbuka na kukumbusha. Kujifunza na kufundisha. Kuazima na kuazimisha, ambako Ammachi alitoa mfano wa jirani na ngazi yake, mfano uliochukua robo saa. Mti kuanguka na Sabu kuuangusha. Wakifika kwenye jozi, Lincy alisema maana, Ammachi akauliza "Nani?", na kama palikuwa na mtu aliyelifanya jambo limpate mwingine, lilikuwa neno la pili. Ilifanya kazi kwa jozi kumi na moja. Kwa zilizobaki, 203, haikusaidia chochote. "Affect" na "effect" zilimshinda Ammachi mapema. Kuhusu "stationary" na "stationery" alisema hayo ni mambo ya wenye maduka.

Ila jozi hizo kumi na moja ndizo zilizokuwa zinamwangusha Lincy, na si kwa bahati mbaya. Kazi ya muuguzi ni kumfanya mtu afanye. Anamlaza, anamwinua, anamkalisha, anamlisha, anamnywesha, anamkumbusha vidonge, anamfundisha kutumia pampu ya pumu. Barua ya rufaa haimalizi ukurasa bila jambo la namna hiyo kutokea mara nane.

Palikuwa na shimo moja. Siku ya pili Lincy alifika kwenye wakati uliopita, akashusha karatasi.

"Nini tena?"

"Ammachi, hii 'lie', ya kulala. Ikiwa jana, inageuka 'lay'."

"Lay si ndiyo kulaza?"

"Ndiyo."

"Yaani leo ni kulaza, na jana ni kulala? Neno lile lile?"

"Lile lile."

Ammachi alifikiri kidogo. "Na hao ndio waliotutawala," alisema.

Juni mvua zilianza, na Lincy akaamua kuvunja sheria ya Kuruvilla. Hakuipanga kama uasi. Alitaka tu Prasanna, aliyekuwa anafanya mtihani siku ile ile, aelewe. Na njia haikuwa na tafsiri. Ukilieleza kwa Kiingereza unarudi kwenye shamirisho.

Jumanne, Kuruvilla akiwa anaandika ubaoni, Lincy alisema kwa Kimalayalam, kwa sauti ya kawaida, "Prasanna, jiulize nani kamlaza."

"Simama," alisema Kuruvilla bila kugeuka.

Alisimama. Akaendelea kueleza, kwa Kimalayalam, akiwa amesimama.

Kuruvilla aligeuka. "Umesema tena."

"Ndiyo, mwalimu. Lakini nimeshasimama. Siwezi kusimama mara mbili."

Miaka kumi na mbili ya darasa hilo, hakuna aliyewahi kuligundua tundu hilo katika sheria. Prasanna aliliona papo hapo. Akauliza swali kwa Kimalayalam, akasimama. Kwa sheria, Lincy alipaswa kukaa, hakukaa. Muuguzi wa tatu akauliza kuhusu kukumbuka na kukumbusha, akasimama. Nusu saa baadaye wauguzi kumi na wanne walikuwa wamesimama katika chumba chenye viti kumi na vinne vitupu, wakibishana kuhusu nani kafanya nini, na mtu pekee aliyekaa alikuwa Kuruvilla.

"Mmegoma?" aliuliza.

"Tunasoma, mwalimu," alisema Prasanna.

"Mnasoma Kimalayalam. Nimewaambia mara ngapi? Ukifikiri kwa Kimalayalam utaandika kwa Kimalayalam. Huko Ireland mgonjwa akilia mtamwita Ammachi?"

"Mwalimu, niulize," alisema Lincy.

Kuruvilla ni mtu wa haki, hilo hata Prasanna hulikubali. Alifunga kitabu, akavua miwani, akaanza bila orodha, haraka, kama mtu anayemrushia mwenzake mipira.

"Joto la mgonjwa, asubuhi."

"Nani kalipandisha? Hakuna. Rose."

"Kichwa cha kitanda."

"Muuguzi. Raised."

"Mke wa mgonjwa, vidonge."

"Kakumbuka mwenyewe au nimemkumbusha?"

"Umemkumbusha."

"Reminded."

"Mjukuu, sindano ya sukari."

"Mimi nimemfundisha. Taught. Yeye kajifunza, learned."

Kuruvilla alivaa tena miwani. Darasa lilijua kinachokuja, kwa sababu ndicho kilichokuja siku zote.

"Jana. Mgonjwa. Sakafu ya bafu. Saa mbili nzima."

Chini, mwenye duka la mikate alikuwa anatoa trei, na harufu ikapanda kwa ngazi. Midomo ya Lincy ilitembea bila sauti.

"Lay," alisema.

"Siyo laid?"

"Aliteleza mwenyewe, mwalimu. Hakuna aliyemlaza. Ingekuwa laid ningemwandikia polisi, siyo daktari."

Prasanna alipiga meza. Kuruvilla hakucheka, lakini alichukua muda mrefu kuitafuta chaki iliyokuwa mkononi mwake.

"Kaeni," alisema hatimaye. "Kwani nani kawasimamisha?"

"Wewe, mwalimu!" lilijibu darasa zima, kwa Kimalayalam.

Sheria haikufutwa. Kuruvilla aliipunguza: dakika kumi za mwisho za kila kipindi Kimalayalam kiliruhusiwa, kwa kazi ya kuuliza nani, na si kwa kingine. Hakusema kwamba alikuwa amekosea, na Lincy hakusubiri aseme. Barua zake za Julai zilirudi na wino mwekundu pungufu kuliko za Mei. Bado alichanganya "affect" na "effect", kwa hiyo aliacha kuyatumia yote mawili. Aliandika kwamba dawa imemsaidia mgonjwa au haikumsaidia. Kuruvilla aliandika pembeni: mwoga, lakini sahihi.

Tarehe 9 Agosti mto Meenachil ulifurika na mji wa Pala ukaingia maji. Darasa lilifungwa siku tisa. Sabu aliegesha bajaji kwenye uwanja wa kanisa, mahali pa juu. Lincy na Prasanna walifanya mazoezi kwa simu, kila mmoja akimsomea mwenzake barua, na Ammachi alipita mara kwa mara akiuliza "Nani?" hata pale ambapo haikuhitajika. Prasanna alisema sasa anamsikia mpaka akiwa anaoga.

Siku ya mtihani Lincy alikula puttu, unga wa mchele uliopikwa kwa mvuke, na ndizi, akakataa kuangalia orodha kwenye basi. Ammachi alikwenda kwenye kaburi la Mtakatifu Alphonsa kuwasha mshumaa. Alipoulizwa aliomba nini, alisema hakuomba alama. Alimweleza mtakatifu lile jambo la jana na leo, maana naye alikuwa mtu wa huku huku na pengine hakulijua.

Mgonjwa wa siku hiyo alikuwa mjane wa miaka themanini na mbili, anayeishi peke yake, mwenye fimbo na homa ya mapafu iliyopona. Dakika tano za kusoma, dakika arobaini za kuandika. Lincy alimaliza zikiwa zimebaki sita. Alianza upya kutoka mstari wa kwanza, na kila kitendo alikiuliza lile swali. Majirani walimletea chakula: sawa. Muuguzi alimfundisha mazoezi ya kupumua: sawa. Katikati ya aya ya pili alikuta ameandika kwamba kabla ya kuletwa hospitali, mjane huyo "laid in bed for four days".

Nani alimlaza? Alirudi kwenye maelezo. Mume alikufa. Binti anaishi mji mwingine na huja Krismasi. Hapakuwa na mtu ndani ya nyumba ile. Alikata, akaandika "lay". Likaonekana kama kosa. Aliliacha hivyo hivyo, akaweka kalamu chini, akaketi juu ya mikono yake ili isiguse chochote.

Sikukuu ya Onam ilipita, na majibu hayajatoka. Nyumbani hakuna aliyeuliza, na hilo lilikuwa zito kuliko kuulizwa. Jumatatu ya tarehe 16 Septemba, saa tano asubuhi, Lincy alikuwa na shuka chini ya mgongo wa fundi seremala aliyevunjika nyonga, nusu kageuka, wakati Prasanna alipoingia wodini mbio, jambo ambalo ni marufuku, akipiga kelele, jambo ambalo pia ni marufuku.

"Kuku! Yametoka!"

"Siwezi kuachia, ataanguka."

"Nipe namba yako ya siri nikufungulie."

"Hapa mbele ya watu?"

"Mtajie, mama," alisema seremala kutoka chini ya shuka. "Mimi sina simu, siwezi kukuibia."

Akataja. Prasanna alisoma kwa sauti: kusikiliza 380, kusoma 360, kuzungumza 410. Akaisogeza simu karibu na macho.

"Prasanna, nitakupiga."

"Kuandika, 370."

Lincy alimgeuza seremala hadi mwisho, akamwekea mto kati ya magoti, akalinyoosha shuka, ndipo akakaa kwenye kiti cha mgeni na kulia kidogo. Prasanna mwenyewe alikuwa na 350 kamili, na alisema zingekuwa 351 ingekuwa upotevu.

Kuruvilla alipiga simu saa saba. Alizungumza Kiingereza, mwanzo hadi mwisho.

"Nimesikia. Alama zako zimepanda au zimepandishwa?"

"Zimepandishwa, mwalimu."

"Na nani?"

Lincy angeweza kusema na wewe, na isingekuwa uongo mtupu. "Na mama mkwe wangu," alisema.

"Mwambie aje darasani Jumatatu ijayo," alisema Kuruvilla. "Nina kundi jipya."

Ammachi alipofikishiwa ujumbe alisema yeye ana ng'ombe wa kukamua, na kwamba mwenye shida ndiye hufunga safari. Jumapili iliyofuata, baada ya misa ya pili, bajaji ya Sabu ilisimama mbele ya nyumba na Kuruvilla akashuka, mundu yake ikiwa haina hata mkunjo mmoja. Alipewa kiti. Aliletewa muhogo na mchuzi wa samaki, akala, akanawa, akatoa daftari. Kisha, kwa Kimalayalam, akamwomba Ammachi amweleze tena lile la jirani na ngazi.

"Linachukua muda," alisema Ammachi.

"Nina mchana mzima, Ammachi."

Alijaza kurasa nne. Jozi kumi na moja zimekuwa kumi na tatu. Mbili alizileta yeye mwenyewe, na Ammachi alizikubali baada ya kuhoji.

Cheti cha Lincy kilitumwa Ireland tarehe 18 Septemba, na barua ya kuthibitisha kazi ilifika tarehe 27, siku tatu kabla ya mwisho. Anaondoka Kochi tarehe 6 Novemba kwa ndege ya asubuhi. Sabu na Tesamol watamfuata Aprili, shule zikifungwa.